Madhumuni ya Safari

Katika karatasi ambayo msafiri hupewa aijaze mpakani mna mstari ulioandikwa madhumuni ya safari, na mbele yake mna vyumba vidogo vya kutia alama: biashara, utalii, masomo, kutembelea jamaa, kupita njia. Siku tuliyokwenda Tanga kumzika mama mkubwa, ndugu wa tumbo moja wa mama yangu, nilisimama mbele ya mstari huo kalamu mkononi nisijue alama niitie wapi. Nikamwuliza mama, ambaye alisomeshwa chuoni utotoni na herufi azijuazo ni zile za Msahafu, akanijibu kwa sauti ya chini kwamba yeye hakwenda kutembea. "Hutembelewa aliye hai," alisema. "Andika kuzika." Chumba cha kuzika hakikuwamo.

Habari ya kifo ilitufikia usiku, baada ya sala ya isha, na kwa desturi yetu, ambayo haipendi maiti alazwe bila haja, maziko yangalifanywa asubuhi. Lakini jamaa wa Tanga waliafikiana wangoje hadi baada ya adhuhuri kwa sababu moja, nayo ni kwamba sanda ya marehemu ilikuwa Mombasa, katika sanduku la mama. Miaka mingi iliyopita mama alijaliwa kuhiji, na kama wafanyavyo mahujaji wengi wa pwani alirudi na sanda alizozichovya katika maji ya Zamzam na kuzianika, mbili, moja yake na moja ya dada yake, na alipotaka kumpelekea iliyo yake, dada alikataa, akasema, "Kaa nayo wewe. Siku yangu ikifika utaniletea." Basi sanda mbili zikakaa pamoja, zimekunjwa na mama mwenyewe, ambaye tangu nimjue hamwachii mtu kukunja nguo zake, na usiku ule aliichomoa moja, akaifunga katika leso kuukuu pamoja na ubani na karafuu maiti, akakaa kitandani na furushi lile mapajani akingojea feri ya alfajiri.

Kutoka Likoni hadi Lunga Lunga ni kilomita 100 hivi, nazo kwa mtu wa kwetu si safari bali ni kupita mbele ya milango ya watu awajuao: Ukunda, Msambweni, Ramisi ya mashamba ya miwa, minazi na miembe kila upande, na watoto wenye juzuu kwapani wakielekea chuoni. Kabla ya kufika kituoni njia ya Vanga hukata kushoto kuelekea baharini, nako ndiko walikozaliwa mama na dada yake. Mmoja aliolewa Mombasa na mwingine akaolewa Tanga, jambo ambalo wakati huo halikuwa na ajabu hata kidogo, kwani Wavumba, Wasegeju na Wadigo wamekuwa wakioana, wakizikana na kudaiana mahari katika pwani ile tangu kabla ya mtu yeyote kuulizwa kama yuko upande huu au upande ule. Hata leo mkulima wa Kidigo aliye Lunga Lunga na mwenzake aliye Horohoro, ng'ambo ya mpaka, husalimiana kwa lugha ya mama zao, na mvua inyeshayo kwa mmoja huwa imekwisha kunyesha kwa mwingine.

Mstari uliowagawa una tarehe yake. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waliandikiana barua baina ya London na Berlin, wakamwachia Sayyid Barghash wa Unguja ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 kutoka baharini kwenda bara, na nchi iliyo nyuma ya ukanda huo wakaigawa kwa mstari uliofungwa katika mlango wa mto Umba, mto ambao katika maandishi yao waliutaja pia kwa jina la Wanga, ukaenda moja kwa moja hadi ziwa Jipe, ukauzunguka mlima Kilimanjaro kwa kaskazini, kisha ukanyoka tena hadi ziwa Viktoria. Wako wasimuliao kwamba mlima ule ulikuwa zawadi ya malkia kwa mjukuu wake, nayo ni hadithi tamu isiyo na mashiko, maana mjukuu mwenyewe, Wilhelm wa pili, hakutawazwa kuwa kaiza mpaka mwaka 1888. Ukweli ni mkavu kuliko hadithi: mataifa mawili yaliyokuwa mbali yalitaka kila moja bandari yake na njia yake ya kwenda maziwani, na Sultani, ambaye hakuwamo katika shauri hilo, aliletewa jambo lililokwisha, akalikubali mwishoni mwa mwaka ule kwa kuwa hakuwa na nguvu za kulikataa. Nalifikiri mara nyingi jambo hili, kwamba mji wa babu zangu, uliokuwa na diwani wake, siwa yake na lahaja yake, uliingia katika karatasi za dunia kama alama ya kuanzia kupima.

Hata hivyo lugha yetu, ambayo aghalabu huona mbali kuliko sisi tuisemao, haikulipa neno mpaka maana ya kukomea peke yake. Mtu husema amefika mpakani, na mtu huyo huyo husema nitakwenda mpaka Tanga, nitakungoja mpaka uje. Na katika kauli hizi mbili za mwisho neno lile lile halizuii bali hupeleka. Mama alipoulizwa siku ile atakaa Tanga kwa muda gani alijibu, "Mpaka tuondoe matanga."

Lakini alikuwa amekwisha kuijua maana ile ya kwanza, tena kwa uchungu. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo mkataba wake ulitiwa sahihi Kampala mwaka 1967, ilivunjika mwaka 1977, na mapema katika mwaka huo Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya, ukakaa umefungwa hadi Novemba 1983. Wanazuoni wa siasa wameeleza vya kutosha habari za mali ya ushirika, ndege, reli na ugomvi wa itikadi. Mimi hapa nataka kusema tu kwamba katika miaka ile mama yangu alizaa watoto wawili ambao dada yake hakuwaona mpaka wamekuwa wa kwenda chuoni, na mmoja wao ni mimi. Katika miaka hiyo hiyo babu yetu alifariki Vanga. Habari ilimfikia mama mkubwa kwa midomo ya watu, naye akateremka hadi kijiji cha Moa, kilicho pwani upande wa Tanga, akawasihi wavuvi, akapakiwa katika dau usiku kwa upepo wa kusi, akashuka Vanga siku ya tatu, wakati majirani wanakunja majamvi na matanga yanaondolewa. Baba yake alikuwa amekwisha kuzikwa. Hakuwa na cheti, wala hakuna aliyemwuliza madhumuni ya safari yake. Alikaa usiku mmoja, akarudi alikotoka kwa khofu ileile aliyokuja nayo, na mama husema kwamba dada yake hakupenda kuzungumza habari za usiku ule wa bahari maishani mwake mwote. Ndiyo sababu, tulipokuwa njiani na mimi nikimwambia asihangaike, kwamba tutafika mapema, hakunijibu. Alikuwa ameshika furushi kwa mikono miwili akitazama mbele.

Sitaki kuwadhulumu watu wa forodha na uhamiaji. Kazi yao ni ya lazima, na mwenye kuidharau hajakaa karibu na mpaka akaona yapitayo katika njia za panya: magendo yanayomwua mfanya biashara mnyofu, madawa yanayowamaliza vijana wa miji yetu ya pwani, watoto wanaochukuliwa na watu wasiowazaa kwa ahadi ya masomo na kuishia utumwani majumbani mwa watu. Ofisa asiyeuliza huyapisha yote hayo. Tena swali lenyewe, watoka wapi na wenda kwa nani, halina dharau kwa asili yake. Ndilo swali la kila mwenye nyumba asikiaye hodi usiku, ambaye kwanza huitika "Nani?" na ndipo husema karibu, wala mgeni mwungwana hachukizwi na kuulizwa jina mlangoni, mradi aulizaye ana nia ya kulisikia jibu.

Hapo ndipo penye ugumu wote. Katika ujana wangu nilisafiri kwa gari na rafiki zangu wawili kuvuka mpaka mwingine, mbali na pwani, katika kituo ambacho sitakitaja, nasi tukafika magharibi tukiwa na kila kilichotakiwa isipokuwa mhuri mmoja katika karatasi za gari, kosa ambalo lilikuwa letu na tulilikiri. Ofisa aliyekuwapo hakututukana wala hakutugusa. Alizichukua pasi zetu, akazitia chini ya kiwiko chake, akasema "Kaeni pale," na tangu hapo hadi saa sita za usiku hakututazama tena. Watu walikuja wakapita, wengine wakacheka naye, na kila tulipomkaribia kumwuliza aliendelea na daftari lake kama kwamba penye sauti zetu palikuwa na upepo. Nimepata kuumizwa zaidi ya hapo maishani, lakini sikumbuki kama nimewahi kujiona sipo kwa muda mrefu namna ile. Hatimaye mwenzetu mmoja alinong'ona kwamba kuna kinachongojewa, nami, kwa kuwa nilikuwa mkubwa wao na mwenye fedha, nilitia noti katika kitabu changu cha pasi nikakisogeza mbele yake. Ndipo aliponitazama. Alinitazama usoni, akatabasamu, akaniita ndugu yangu, na mlango ukafunguka. Nimeona haya ya neno lile, ndugu, zaidi ya haya ya ile noti.

Wazee wa misafara waliijua hongo kwa sura nyingine. Katika karne ya kumi na tisa msafara ulipotoka Bagamoyo, Pangani au Tanga kwenda bara, kila nchi uliyoipita mtawala wake alipokea hongo, vitambaa, shanga au waya, nayo ilikuwa ada ya haki itolewayo mchana mbele ya watu, baada ya shauri refu, na aliyeitoa alikuwa mgeni wa mtawala huyo, mwenye haki ya maji, kuni na amani. Ilizidishwa mara nyingi kupita kiasi, na vita vilipiganwa kwa ajili yake. Lakini ilikuwa na uso. Neno likashuka cheo kidogo kidogo mpaka likawa jina la kile nilichokitia katika pasi. Ushuru nao ulianza kwa Kiarabu kama sehemu ya kumi, fungu lijulikanalo, na forodha ilikuwa mahali pa chombo kufikia, ndipo Unguja ikawa na Forodhani yake. Na Sayyid Said, katika mkataba aliofanya na Wamarekani mwaka 1833, alikubali kutoza bidhaa zao tano kwa mia wala si zaidi. Kinachonigusa katika habari hizi za kale ni kwamba mtu alijua atalipa nini, atamlipa nani, na akiisha kulipa atakuwa nani katika nchi ile.

Na mtu mmoja aliyekaa upande wa pili wa meza ya forodha twamjua sote. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, aliajiriwa katika Idara ya Forodha mwaka 1926, akaitumikia hadi mwaka 1944. Yaani yule ambaye nathari yetu ya Kiswahili inamhesabu kuwa baba yake alikuwa karani wa ushuru kwa miaka 18, na ujana wake wote ulipita katika kazi ya kuandika mizigo ya watu na thamani yake. Watu humtaja kama mshairi aliyelazimika kufanya kazi ya ofisini ili apate riziki. Mimi naamini kwamba meza ile ilimfundisha. Mtu aliyesimama miaka mingi mbele ya wasafiri, akiona jinsi uso wa mwungwana unavyobadilika anapoambiwa afungue mzigo wake mbele ya watu, hana haja ya kusoma vitabu vya mbali ili ajue heshima ya binadamu ni kitu gani na huvunjwa kwa kitu kidogo namna gani.

Horohoro siku hizi ni kituo cha pamoja. Atokaye Kenya hasimamishwi mara mbili katika majumba mawili kama zamani, bali hupita moja kwa moja hadi upande wa Tanzania, na humo, katika ukumbi mmoja, ofisa wa Kenya humgongea mhuri wa kutoka na ofisa wa Tanzania humgongea wa kuingia, wakiwa jirani kama wauza duka wawili wa mtaa mmoja; na arudiye hufanyiwa hivyo hivyo Lunga Lunga. Kwa gari kuna kibali chake cha muda, na kadi ya njano ya bima, na mambo haya huchukua wakati wake. Wa Kenya alitugongea akatupa pole. Wa Tanzania, kijana mwenye alama ya sijda pajini, alipomwona mama alisimama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi waenda wapi?"

"Tanga. Ngamiani, kwa dada yangu."

Aliitazama karatasi, akaona vyumba vitupu, akanigeukia mimi kwa kuwa mwandishi nilikuwa mimi. Nikamweleza. Hakusema kwamba ni lazima nichague, ingawa kwa kanuni angaliweza kusema hivyo. Aliivuta karatasi kwake, na kando ya vyumba vile, pambizoni, mahali ambapo hapakukusudiwa kuandikwa kitu, aliandika kwa mkono wake neno msiba. Kisha akampa mama kalamu atie sahihi, na mama akaitia kwa herufi za Kiarabu, polepole, kutoka kulia, naye akangoja hadi nukta ya mwisho.

Mezani pa forodha palikuwa na mwanamke wa makamo. Aliuliza furushi lina nini, na mama, badala ya kujibu, alilisogeza mbele. Yule mwanamke alianza kulifungua fundo, kama inavyompasa. Harufu ya ubani na karafuu maiti ikamfikia kabla ya fundo kulegea, mkono wake ukasimama. Alilikaza tena lile fundo, akasema maneno ambayo Mwislamu husema asikiapo kifo, kisha akauliza jambo moja tu, ambalo halikuwa la serikali: "Mmechelewa?" Nikamwambia wanatungoja adhuhuri. Akatoka nje pamoja nasi hadi kwenye gari, amelishika furushi yeye, akalitia mapajani pa mama.

Kutoka pale hadi Tanga ni kilomita 65 za lami, milima ya Usambara ikionekana kwa mbali mkono wa kulia, mkonge kwa safu. Tulifika kabla ya adhuhuri. Mama aliingia chumbani kwa waoshaji na sanda yake, mlango ukafungwa, na yaliyofanyika humo ni ya wanawake. Baada ya sala tulimzika.

Siku ya tatu tuliondoa matanga, na siku ya nne, kabla hatujapanda gari, wanawake wa Ngamiani walimletea mama sehemu yake katika nguo za marehemu, doti tatu za kanga zilizolainika kwa kufuliwa, zimefukizwa udi. Walizifunga katika leso ile ile kuukuu iliyokuja na sanda. Mama hakusema neno njiani, isipokuwa tulipopita mahali ambapo minazi ya kuelekea Moa huonekana. Hapo alisema kwamba usiku ule dada yake alikuwa na mimba, na kwamba kichefuchefu cha bahari kilimshika njia nzima, na kwamba hilo ndilo jambo pekee alilowahi kumsimulia.

Lunga Lunga tulimkuta kijana wa bara, mpole, Kiswahili chake cha masomoni. Aligonga mihuri, akatazama chanjo, akauliza tulichobeba. Mama akaweka furushi mezani.

"Ni nini, mama?"

"Leso za dada yangu."

Asubuhi ile zilipofungwa Tanga ziliitwa kanga, na huko mama mwenyewe aliziita kanga, kwa adabu ya mgeni afuataye maneno ya wenyeji.

"Ni mpya? Ni za kuuza?"

"Za kuvaa."

Alilifungua fundo lote, maana fundo hilo halikumwambia kitu, akaichukua ya juu, akaikunjua mpaka ikafunika meza. Pindo moja lilikuwa limeshonwa kwa uzi mweusi palipopata kuchanika. Akakiona kiraka, akamtazama mama, akaziona nguo zake, akanyamaza, kisha akauliza, kwa sauti tofauti na ile ya kwanza, "Dada mwenyewe yuko wapi?"

"Tumemwacha Tanga."

Alianza kuikunja. Mikono yake haikuzoea, na ncha zilimkataa mara ya kwanza, akaikunjua akaanza tena, akizifuata alama za mikunjo ya zamani zilizobaki katika kitambaa, pindo juu ya pindo, huku watu nyuma yetu wakingoja. Mama alikuwa karibu naye kiasi cha kuifikia kwa mkono. Alimwacha aikunje.